Kwa nini Longonot ilitukata pumzi sisi watu wa Malindi?

#1 BintiMambrui
Salaam wana jukwaa. Nina jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Kikundi chetu ni cha matembezi ya asubuhi. Kila Jumamosi tunatoka Mambrui kwa miguu, tunafuata ufuko hadi mdomo wa mto Sabaki, tunarudi, na mtu anaingia jikoni kwake kupika kama hakutoka nyumbani. Tukasema sasa tupande mlima, ule wa siku moja, wa kulala Nairobi usiku uleule. Tukachagua Longonot. Tulikuwa kumi na mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili. Basi la usiku likatushusha Nairobi alfajiri, tukaunganisha hadi Mai Mahiu, tukachukua gari la barabara ya chini ya Naivasha. Saa tatu na nusu asubuhi tuko langoni.

Nusu saa haikutimia, wanne wamekaa chini. Mimi moyo ulinipiga hadi nikausikia masikioni. Tuliofika ukingoni mwa shimo la volkano ni sita, na kati yetu wawili vichwa viliwapasuka na mmoja alitapika. Kulizunguka lile shimo hatukuthubutu. Na huku watoto wa shule wa upande ule wanatupita mbio, wanaimba!

Tumetembea kilomita 20 siku ile na tumerudi kama waliopigwa. Swali langu: kwa nini? Hatuvuti sigara, hatukai bure, mchanga wa pwani tunaukanyaga kila wiki. Nataka kuwarudisha wenzangu mlimani kabla ya Kaskazi kwisha, lakini kwanza nijue kilichotupata.

#2 KijanaWaNgong
Pole dada. Mimi ni mzaliwa wa Shella ya Malindi, niko Ngong mwaka wa sita sasa. Jibu ni moja tu, hewa. Umetoka mahali ambapo bahari iko mlangoni, asubuhi yake uko zaidi ya mita 3,000 juu. Mwili haujui umepelekwa wapi. Nilipohamia huku, ngazi za ghorofa ya tatu zilinikalisha. Baada ya mwezi na nusu nikazizoea.

#3 MwalimuGede
Kijana, hapo umezidisha. Longonot ni mita 2,776, haifiki 3,000. Na Binti, kilomita 20 hamkutembea. Langoni hadi ukingoni ni kama kilomita 3, mzunguko wa ukingo ni kilomita 7 na kidogo. Ukifanya yote na kurudi ni 13 au 14. Ninyi mliishia ukingoni, kwa hiyo mlitembea 6 na ushei.

Sisemi hivi kuwavunja moyo. Nasema kwa sababu ukijua umbali ulikuwa mdogo, unajua kwamba umbali sio uliowachosha.

#4 BintiMambrui
Ahsante Mwalimu. Sita! Miguu yangu ilihesabu ishirini.

#5 MwanaAmu
Mimi wa Amu, na hii habari ya hewa naiona ni kisingizio. Tazama ndia waliyopita: Malindi hadi Mombasa, Mombasa hadi Nairobi, hiyo ni kama kilomita 600 za kukaa. Usiku kucha shingo imepinda, miguu imevimba, usingizi hakuna. Kisha washuke wakapande mlima bila hata kunyosha mgongo? Hata kama mlima huo ungekuwa Shela kwetu wangekaa tini. Mimi nilipanda Longonot mwaka juzi. Nilifika Nairobi Ijumaa, nikalala, nikapanda Jumapili. Nilizunguka shimo lote na nikala tende zangu juu.

#6 KijanaWaNgong
Kaka wa Amu, umejijibu mwenyewe. Ulikaa Nairobi siku mbili, na Nairobi iko mita 1,700 na kitu. Mwili ulianza kuzoea hewa nyepesi. Wewe unasema ni usingizi, mimi nasema ni mwinuko. Siku zenyewe ni zilezile mbili.

#7 TabibuKilifi
Naomba nichangie kama mhudumu wa afya.

Pumzi kukatika na moyo kwenda mbio njiani: hilo ni la mwinuko, na linaanza papo hapo. Katika urefu wa Longonot shinikizo la hewa ni kama asilimia 72 ya lile la Malindi, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu. Mwili unalipa deni hilo kwa kupumua haraka na kuupigisha moyo mara nyingi zaidi. Watu wa nyanda za juu wana chembe nyekundu nyingi zaidi katika damu, na hizo hazizaliwi kwa siku mbili, zinataka wiki kadhaa. Kwa hiyo bandiko namba 6 lina ukweli nusu.

Lakini kichwa na kutapika nina shaka kuviita ugonjwa wa mwinuko. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza mtu akivuka mita 2,500, na huchukua saa kadhaa kujitokeza, mara nyingi baada ya kulala huko juu. Wao walikuwa juu ya kiwango hicho muda mfupi. Mimi ningeuliza habari za maji kwanza. Kwetu jasho linakaa mwilini, nguo inalowa, unajua umetoka jasho. Kule hewa ni kavu na upepo haukatiki, jasho linakauka kabla hujalihisi. Mtu anaishiwa maji huku akidhani yuko sawa.

Binti, kila mtu alibeba maji kiasi gani?

#8 BintiMambrui
Nusu lita kila mmoja, Tabibu. Tulidhani juu kuna maduka.

#9 TabibuKilifi
Juu hakuna kitu. Lita 2 kwa mtu mmoja, na 3 kama mnazunguka.

#10 MgiriamaWaMarafa
Hewa hewa hewa. Nyinyi mmezoea kutembea sawasawa, ufuko ni kama meza. Kutembea tambarare na kupanda ni kazi mbili tofauti kabisa, misuli ya mapaja na ya nyuma ya mguu hamjaitumia. Waje kwetu Marafa. Nyari iko hapa, kama kilomita 35 tu kutoka Malindi mjini. Washuke mle genge la mchanga mwekundu, wapande, washuke tena, mara nne. Saa tisa alasiri joto likipungua. Baada ya miezi miwili waende Longonot halafu waje hapa waseme ni hewa.

#11 BintiMambrui
Nyari nimeshuka mara moja, kutazama jua likizama. Sikufikiri kuwa ni pa mazoezi.

#12 MgiriamaWaMarafa
Wengi wanakuja kupiga picha tu. Jina lenyewe linatokana na ardhi iliyokatika. Wazee wanasema palikuwa na boma la matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe huku jirani zao hawana cha kunywa, Mungu akaididimisha ardhi. Nyekundu ni damu yao, nyeupe ni maziwa. Mvua ndiyo inayoendelea kulichonga hadi leo, kila masika ukingo unarudi nyuma.

#13 NahodhaMstaafu
Vijana, mimi nina miaka sabini na mbili. Nilipanda Ngong nikiwa na hamsini na tano, nikiongozana na mwanangu. Nitawaambia nilichokiona: mlima haupandwi kwa haraka. Chombo kikitoka bandarini hakifungui matanga yote mara moja. Binti anasema nusu saa watu wamekaa. Mliondoka langoni kwa mwendo gani? Nina hakika mlitoka mkicheka na kushindana.

#14 BintiMambrui
Shikamoo Nahodha. Ni kweli, tulitoka mkikimkiki. Wale vijana wawili walitangulia na sisi hatukutaka kuachwa.

#15 NahodhaMstaafu
Marahaba mwanangu. Basi nimemaliza.

#16 KaskaziNaKusi
Hajamaliza mtu hapa, Nahodha, samahani. Nimewasikia wote na naongeza langu, kwa sababu lilinipata na nililazwa.

Mimi nabeba chembe moja ya urithi ya selimundu. Sikujua. Nilipanda mlima mmoja wa Aberdare, ule wanaouita mgongo wa tembo, karibu mita 3,600, na kampuni moja ya matembezi ambayo haikuniuliza chochote kuhusu afya yangu. Saa nne za kupanda matopeni. Ubavu wa kushoto ukaanza kuuma kama umechomwa kisu. Niliambiwa ni kichomi cha kawaida, endelea. Niliendelea. Jioni yake nilikuwa hospitali na wengu umeumia. Daktari ndiye aliyenieleza kuwa pwani yetu wabebaji ni wengi, kwa sababu chembe hiyo humkinga mtoto na malaria kali, na kwamba wengi wetu tunaishi nayo hadi uzee bila tatizo, isipokuwa tukijikamua kupita kiasi, tukiishiwa maji au tukienda mahali pa hewa nyepesi. Mimi nilifanya yote matatu siku moja.

Pimeni. Ni tone la damu. Siwatishi, nawaomba.

#17 TabibuKilifi
Nakuunga mkono kwa nguvu zote. Na pia wapime wingi wa damu. Mama mwenye upungufu wa damu anaweza kutembea ufukweni maisha yake yote na asijue, kisha mlima ukamwambia.

#18 MwanaAmu
Pole sana ndugu yangu. Hilo sikulijua kamwe.

#19 BibiWaShela
Wanangu mnasema damu, hewa, misuli. Milima ina wenyewe. Wamasai wana majina yao na heshima zao kwa milima ile, Wakikuyu nao wana yao. Ninyi mnaingia bila kupiga hodi, mkicheka. Marehemu babu yangu alikuwa hapandi hata kilima cha mchanga bila kuanza na bismillahi.

#20 BintiMambrui
Bibi, shikamoo. Bismillahi tulisoma langoni, sote. Ila kucheka tulicheka.

#21 KijanaWaNgong
Bibi kasema jambo la majina. Longonot imetokana na Kimasai, Oloonong'ot, maana yake mlima wenye mabonde na migongo mingi. Ukiwa juu unaona kwa nini. Udongo ni jivu laini la volkano, maji ya mvua yamechimba makorongo kila upande. Na vumbi lile! Kiangazi linaingia hadi kifuani. Sijamsikia mtu ametaja vumbi, na mimi naliona lina sehemu yake katika pumzi za hawa akina dada.

#22 PweziMkavu
Ule mlima si umekufa? Na ndani si kuna ziwa?

#23 MwalimuGede
Umelala, haukufa. Inasemekana ulitema mara ya mwisho miaka ya 1860, na hadi leo kuna mahali mvuke unatoka kwenye kuta. Ndani hakuna ziwa, kuna msitu, miti imejaa kama sahani ya mchicha. Ziwa la ndani ya shimo unalolifikiria liko upande wa pili wa Naivasha, ni jingine.

#24 PweziMkavu
Nimenyoosheka Mwalimu, ahsante.

#25 MtaitaWaRukanga
Jamani, mnabishana kitu kinachoweza kupimwa. Njooni Kasigau, mlima wetu huku Taita.

Sikilizeni hesabu. Longonot, langoni tayari uko zaidi ya mita 2,100 na unapanda kama 600 na kitu. Kasigau kilele ni mita 1,641. Urefu huo haujazidi Nairobi mjini! Lakini chini yake ni nyika, kama mita 600, kwa hiyo unapanda mita 1,000 kwa miguu yako. Kupanda kwingi, hewa nzito. Kama tatizo la akina mama wa Mambrui ni hewa, Kasigau watapanda wakiimba. Kama ni miguu, Kasigau itawaumiza zaidi ya Longonot. Hapo mtajua.

Tena si mbali kama Nairobi. Mnapita Kilifi, Kaloleni, Mariakani, mnashika barabara kuu hadi Maungu, mnakata kushoto kuja Rukanga. Juu kuna msitu wa ukungu, mimea mingine haipatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima yetu hii. Mchukue kijana wa kijijini awaongoze, njia zinapotea kwenye majani.

#26 MgiriamaWaMarafa
Hili wazo zuri. Nakubali kushindwa au kushinda kwa Kasigau.

#27 KijanaWaNgong
Wazo zuri lakini uzi ulikuwa wa milima ya karibu na Nairobi. Binti, kama mnarudi huku, anzeni na Ngong. Kilele cha juu ni mita 2,460. Mnapanda matatu za 111 hadi Ngong mjini, kisha mnafuata mgongo wa vilima, panda shuka panda shuka, hadi Kona Baridi. Mkichoka kilima cha tatu mnarudi, hakuna aibu. Mitambo ya upepo inazunguka juu yenu na bonde lote la ufa liko kulia. Msiende wenyewe tu, kuna askari wa misitu pale langoni, lipeni aende nanyi, huko nyuma watu waliporwa. Na baibui refu lifungeni kiunoni au mvae suruali chini, upepo wa Ngong si wa kuchezea.

#28 BintiMambrui
La baibui umesema kweli. Pale ukingoni Longonot upepo ulinivuta upande wa shimo nikakaa chini mwenyewe.

#29 MwalimuGede
Kuna Kilimambogo pia, Ol Donyo Sabuk, mita 2,145, upande wa Thika. Iko chini ya Ngong, na barabara ya gari inafika juu, kama kilomita 9. Mbogo wa jina hilo wapo kweli, kwa hiyo ni lazima askari wa wanyamapori.

Na nina sababu ya kuupenda mlima huo. Mto Athi unapita miguuni pake. Mto huo unaanzia huko Ngong na vilima vya jirani, unazunguka Kilimambogo, unashuka, ukifika Tsavo tunauita Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Binti, ule mdomo wa mto mnaogeukia kila Jumamosi, yale maji mekundu yanayochafua bahari ya Malindi msimu wa mvua, ni udongo wa huko. Mlipanda basi usiku kucha kufuata mlima wa bara, na huku vilima vya bara kila mwaka vinawaletea udongo wake ufukweni.

#30 BintiMambrui
Mwalimu, hili nitawasomea wenzangu Jumamosi tukifika Sabaki. Nimeishi miaka thelathini na nne kando ya mto huu na sikuwahi kuuliza unatoka wapi.

#31 MwanaAmu
Nina swali kwa wanaosema damu ya pwani haiwezi mlima. Mwaka 1848 yule mmishonari Rebmann alipoiona Kilimanjaro, aliyemwongoza ni nani? Bwana Kheri, mtu wa pwani yetu. Rebmann alipouliza kile cheupe juu ni nini, akajibiwa kwa neno moja, baridi. Wapagazi wetu walivuka bara lote na mizigo vichwani. Hawakuwa na raba za kupandia wala chupa za lita mbili.

#32 TabibuKilifi
Hakuna aliyesema haiwezi, ndugu yangu. Tunasema haijazoea. Bwana Kheri hakupanda basi la usiku, alikwenda kwa miguu, kila siku akiinuka kidogo. Msafara ulimzoesha.

#33 MwanaAmu
Basi umekubali kuwa ni basi!

#34 TabibuKilifi
Nimekubali kuwa ni haraka ya kupanda kutoka chini kwenda juu. Basi ni chombo tu.

#35 PweziMkavu
Mwanaamu kamshika Tabibu hapo.

#36 KaskaziNaKusi
Wenzangu, na chakula? Sijaona mtu akiuliza walikula nini.

#37 BintiMambrui
Mahamri na mbaazi, Mai Mahiu, kabla ya kupanda. Tulibeba wenyewe kutoka nyumbani.

#38 NahodhaMstaafu
Mbaazi za nazi kisha mlima? Binti yangu! Tumbo linavuta damu kwake na miguu inaidai. Tende tatu na uji mwepesi vingewatosha, mbaazi mkale mkishuka.

#39 PweziMkavu
Mmepita Mai Mahiu mkaliona lile kanisa dogo la Waitaliano? Lilijengwa na wafungwa wa vita mwaka 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara ile ya mteremko. Watu wa Malindi tunawafuata Waitaliano hadi milimani.

#40 BintiMambrui
Tuliliona dirishani tu, tulikuwa tunawahi.

#41 MtaitaWaRukanga
Mimi bado nangoja jibu la Kasigau. Na kuna jambo nataka watu wa Malindi walijue kabla hawajaja. Mwaka 1915, vita vya Wajerumani na Waingereza, watu wetu wa Kasigau walituhumiwa kuwa wamewasaidia Wajerumani. Vijiji vikachomwa, watu wakakusanywa na kupelekwa uhamishoni. Walipelekwa wapi? Malindi. Watu wa mlima wakashushwa kwenye joto la pwani, na wengi walikufa huko kabla hawajaruhusiwa kurudi miaka ya 1930. Bibi yangu alikuwa akisema wazee walipokuwa Malindi walikosa usingizi kwa kutouona mlima.

Kwa hiyo mkija mtakuwa mnapita njia waliyorudi nayo wao.

#42 BintiMambrui
Ndugu yangu Mtaita, nimesoma bandiko lako mara tatu. Sikujua. Tunakuja.

#43 BibiWaShela
Mungu awarehemu wazee hao. Mkifika huko wasomeeni dua.

#44 BintiMambrui
Wana jukwaa, nimerudi baada ya wiki tano. Naleta habari ya Kasigau.

Tulikwenda kumi, mmoja kati ya wale kumi na mmoja alikuwa na msiba. Safari hii tulifuata karibu kila mlichosema. Tulifika Rukanga Ijumaa mchana, tukalala. Lita 2 kila mtu. Nyari tulishuka na kupanda Jumamosi nne mfululizo, Mgiriama alitupokea na madafu, Mungu amlipe. Watu saba walipima damu, mmoja alikutwa na upungufu na Tabibu akamshauri abaki kijijini, akabaki. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi polepole kama Nahodha alivyotaka, aliyetangulia ni mkubwa wetu kwa umri na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Kasigau ni kali. Kuna mahali unashika mizizi kwa mikono. Katikati mawingu yalitufunika, majani yanadondosha maji, baridi ya ghafla, nikakumbuka lile neno la Bwana Kheri. Tuliopanda tisa tulifika juu wanane. Dua tulisoma.

Pumzi zangu zilikuwa nzuri kabisa. Mapaja ndiyo yaliyotetemeka. Kwa hiyo mimi nasema ni hewa, Kijana wa Ngong ameshinda kwangu. Lakini aliyekwama njiani ni mmoja wa wale vijana wawili, yule aliyepanda Longonot kwa mbio na kutungojea juu akila karanga. Kasigau alikaa chini njiani kabla ya saa sita, pumzi hana, akasema kifua kimembana. Hapo sijui niseme nini.

#45 MgiriamaWaMarafa
Yeye alikuja Nyari?

#46 BintiMambrui
Mara moja kati ya nne.

#47 MgiriamaWaMarafa
Basi.

#48 KijanaWaNgong
Hapana, "basi" gani? Kabla ya Longonot hakuja Nyari hata mara moja na alipanda.

#49 TabibuKilifi
Kifua kubana kwa kijana nataka aonwe, na mapema. Ukungu na ubaridi vinaweza kuamsha pumu iliyolala. Mwambie asingoje Jumatatu.

#50 MwanaAmu
Na ninyi nyote mlilala kabla ya kupanda. Nakumbusha tu.

#51 MamaWaMahamri
Nimejiunga leo ili niandike hapa. Mimi ndiye niliyetapika Longonot, na Kasigau nilifika juu wa pili.

Kuna jambo sikulisema kwa Binti wala kwa yeyote. Usiku ule ndani ya basi sikunywa hata tone. Tangu Mombasa. Tulisimama Mtito Andei, wanaume walishuka, mimi nilitazama vyoo vya pale gizani nikasema nitavumilia. Nairobi nikavumilia. Mai Mahiu nikala mahamri, nikaogopa kunywa chai kwa sababu njiani mlimani hakuna mahali pa kujisitiri. Langoni nilikuwa na saa kumi na mbili bila maji, na ile nusu lita nilimpa mwenzangu. Na si mimi peke yangu. Niliwauliza wenzangu jana, wanne kati ya tisa walifanya vivyo hivyo, na watatu kati ya hao ni wale waliokaa chini.

#52 BintiMambrui
Dada Mama, na hukuniambia!

#53 KaskaziNaKusi
Hili hakuna mwanamume hapa angeliwaza. Ahsante mama.

#54 TabibuKilifi
Mama, umenisaidia kuliko vitabu. Nitaanza kuwauliza wagonjwa wangu wanaosafiri.

#55 KijanaWaNgong
Nakubali, hilo ni zito. Lakini Binti mwenyewe? Wewe ulikunywa?

#56 BintiMambrui
Mimi nilikunywa, Mtito na Nairobi. Na moyo ulinipiga vilevile. Na yule kijana wa Kasigau alikuwa na chupa mbili, amezimaliza zote kabla hajakaa.